Babu wa Ukutani

Basi tukaachana pale nilipomwambia mwanangu Yunusu, "Nitakwenda mkutanoni niseme ukweli," naye akanijibu, "Mama, wewe ukweli utautoa wapi?"

Mtoto niliyemzaa mwenyewe. Uchungu siku mbili.

Kwa aliyefungia samaki gazeti la wiki jana kabla hajalisoma, nampa kwa ufupi. Mjukuu wangu Mastura, mtoto wa marehemu mwanangu mkubwa, ameposwa na Ridhiwani. Ridhiwani ni mjukuu wa Mzee Mfaume. Na Mzee Mfaume ni mtani wangu. Ukoo wake na wangu tunataniana tangu mababu: akifiwa yeye nakwenda kumvurugia msiba, nikifiwa mimi anakuja kunivurugia wangu, na hakuna kununa. Harusi ilikuwa iwe baada ya msimu wa korosho. Sasa imekwama ukutani.

Ndiyo, ukutani. Kwenye ukumbi wa boma la Wajerumani la hapa kwetu kuna picha kubwa iliyochorwa ukutani zamani za Mwingereza. Watu sita wamefungwa kamba shingoni, wamebeba mizigo. Nyuma yao kuna mtu amekaa kitini, ameshikiwa mwavuli. Mji mzima unajua kwamba huyo wa mwavuli ni babu yake Mzee Mfaume. Na mji mzima unajua kwamba wa nne kwenye kamba ni babu yangu mimi.

Yunusu ndiye walii wa Mastura, kwa kuwa baba yake Mastura hatunaye. Amesema hamwozeshi binti kwa watu waliomtia babu yetu kamba. Mzee Mfaume naye amesema hapeleki mahari kwenye nyumba inayomwita mjukuu wake kizazi cha wauza watu. Mastura anachemsha chai inafurika, anafuta jiko, anachemsha tena.

Na mimi ndiye niliyeyafanya haya. Hilo ndilo nililokwenda kulisema Jumanne.

Serikali inakarabati boma. Kabla mafundi hawajagusa ukumbi, wakatuletea mtaalamu wa mambo ya kale aje akusanye maoni yetu: ile picha ifanywe nini? Jina lake Bwana Faustino. Shati lake lina mifuko minane, na yote mitupu. Kando yake alikaa binti anaitwa Grace, ana kompyuta, anaandika kila neno. Ukikohoa anaandika.

"Ndugu wadau," Bwana Faustino alianza.

Jirani yangu Umi akaninong'oneza. "Wadau ndio nani?"

"Ndio sisi. Saa nne mpaka saa saba. Baada ya hapo tunarudi kuwa wananchi."

Tukagawiwa fomu. Ina visanduku vitatu: picha ibaki, picha ifunikwe, picha ihamishwe. Umi akaigeuza geuza.

"Ukuta utauhamishaje?"

"Usiulize. Weka alama unywe soda."

Bwana Faustino akachukua fimbo, akaanza kutufundisha picha yetu wenyewe.

"Tazameni macho ya huyu bwana aliyeketi," alisema. "Yamelegea. Hayawatazami kabisa watu walio mbele yake. Hapa msanii ametuonyesha dharau ya mwenye nguvu kwa mnyonge."

Ukumbi mzima ukaguna kwa uchungu. Mimi nikauma ncha ya khanga nisicheke. Sababu mtaijua.

Maoni yakafunguliwa. Wa kwanza kusimama alikuwa mkulima mmoja, miguu ina vumbi mpaka magotini.

"Mimi nimetoka Likawage," alisema. "Nauliza, salfa ya mikorosho inaletwa lini?"

"Mzee wangu, mkutano huu ni wa picha."

"Nimeambiwa serikali inasikiliza wananchi."

"Inasikiliza kuhusu picha."

Mzee wa watu akaitazama picha muda mrefu. "Hiyo mizigo waliyobeba," akauliza, "ni korosho?"

Grace akaandika.

Akafuata mtani wangu. Kofia nyeupe, bakora, kikohozi cha kutengeneza.

"Mimi Mfaume nasema ifutwe. Leo hii. Inatuchafulia ukoo."

Sasa sikilizeni. Mtu huyu miaka arobaini amekula kwa picha ile. Akienda harusini anadai kiti cha mbele, eti babu yake alikaa kitini. Akipata mgeni anamleta bomani kumwonyesha. Mpaka juzi vijana waliposoma kwenye simu zao kwamba wafunga watu kamba si watu wa kujivunia, ndipo naye akagundua kwamba anaona aibu.

"Mwaka juzi si ulileta wageni wa Lindi mkapiga picha hapo chini yake?" nikapaza sauti kutoka nyuma. "Ukakunja nne kabisa!"

Watu wakacheka.

"Mtani, usinianze," alisema.

Yunusu wangu akarukia kipaza sauti. Yunusu huyu akiona jongoo uani anamwita mkewe. Lakini mbele za watu ni simba.

"Ibaki!" alifoka. "Ibaki, na chini yake yaandikwe majina! Ijulikane nani alimfunga nani! Sisi damu yetu ndiyo iliyovuja pale!"

Nusu ya ukumbi ikampigia makofi. Nusu ikazomea. Bwana Faustino akafurahi, akasema huu ndio ushiriki wa jamii.

Ndipo nikanyanyuka. Goti moja linataka, jingine linakataa, lakini nikafika mbele.

"Shikamoo mama," alisema Bwana Faustino.

"Marahaba, mwanangu. Mimi naitwa Zuhura. Elimu yangu darasa la nne. Lakini boma hili nimelifagia miaka thelathini na moja. Hao unaowaonyesha kwa fimbo, mimi nimewapangusa vumbi mpaka tundu za pua."

"Karibu utoe maoni."

"Sina maoni. Nina kosa."

Nikaeleza. Alipofariki baba yake Mfaume, mimi nilikwenda kama mtani, nikakaa katikati ya njia kuzuia jeneza, kama ilivyo desturi. Nikawaambia wachukuzi, "Mwacheni atembee! Au kwao hawajui kutembea, wamezoea kubebwa? Babu yake si yule wa mwavuli kule bomani? Kama mnabisha, katazameni masikio!" Wachukuzi walicheka nusura waangushe maiti.

Haikupita miezi minne mama yangu akafariki. Mfaume akaja akalala mlangoni. "Ya nini kuazima watu wa kubeba jeneza?" alisema. "Hawa si wabebaji tangu asili? Babu yao ni yule wa nne kwenye kamba, tazameni shingo!" Nilicheka na machozi yananitoka.

"Basi," nikawaambia watu wa mkutano. "Ni hayo tu. Utani wa matanga mawili. Mimi sijui wale wa ukutani ni nani, na Mfaume hajui. Waliocheka siku zile wamekufa. Waliobaki walikuwa watoto, wakayashika maneno, kicheko wakakiacha. Sasa wajukuu zetu hawaoani kwa sababu ya mzaha. Ninaomba radhi."

Nilimaliza. Nikangoja.

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Bi Zuhura bwana!" mtu akapiga kelele. "Hata mbele ya serikali!"

"Mtani wangu hajapungua hata kidogo," alisema Mfaume, anafuta macho. "Anataka kunikania babu yangu sasa."

Wallahi, maisha yangu yote nimesema uongo na nikaaminiwa. Siku niliyosema kweli wakaniombea soda ya pili.

Bwana Faustino naye akatabasamu kama mtu aliyeokota kitu. "Grace, andika: wazee wa jamii wamethibitisha kwamba familia hizi mbili zina uhusiano na watu wa kwenye picha."

"Mwanangu, nimesema ni utani!"

"Ndiyo, mama. Utani nao ni hazina ya historia."

Msomi akishaamua, hata ufe mbele yake anaandika umesinzia.

"Mama, kaa chini," Yunusu alinong'ona kwa meno. "Unatuaibisha."

Nikamwona Mastura. Alikuwa amesimama mlangoni kabisa, peke yake, hacheki. Ridhiwani alikaa safu ya pili kando ya babu yake, macho kwenye simu. Mtoto yule wa kike alinitazama kama mtu anayemtazama fundi aliyebomoa nyumba, akasema nitaijenga, kisha akadondosha nyundo.

Hapo nikaona sina budi kutoa la ndani.

"Yale masikio," nikasema, "si ya babu yake Mfaume. Ni ya Mfaume mwenyewe."

Kicheko kikakatika.

"Vita vya Kagera vilikuwa ndiyo vimekwisha," niliendelea. "Mkubwa wa hapa wa siku zile alimwita Abdala, yule fundi wa kuandika vibao vya maduka, akamwambia aipake upya sura ya mtu wa mwavuli. Mimi nilikuwa na ufagio, nikaambiwa nishike kopo la rangi. Abdala akasema hawezi kuchora mtu asiyemwona. Akatazama huku na huku. Nani alikuwa karibu? Mfaume, tarishi wa ofisi. Yuko kwenye benchi, saa sita mchana, amelala, kichwa kimeegemea ukuta. Abdala akamchora vilevile alivyo."

Nikamgeukia mtaalamu.

"Hayo macho yaliyolegea uliyotusomea, mwanangu, dharau ya mwenye nguvu. Ni usingizi."

Mfaume akasimama, bakora juu. "Mimi sijawahi kulala kazini hata siku moja!"

Hapo ndipo kilipopatikana kicheko kikubwa kuliko vyote vya siku ile. Mkulima wa Likawage, ambaye hamjui Mfaume kabisa, ndiye aliyecheka zaidi.

Lakini Bwana Faustino hakucheka. Aliiweka fimbo chini.

"Mama, unasema sura hii imepakwa juu ya sura nyingine?"

"Kwani nimesema kwa Kijerumani?"

Akafungua begi, akatoa pamba na kichupa. Alisema ana ruhusa ya kupima sehemu ndogo, isiyozidi kiganja. Mafundi wakamshikia ngazi. Akapanda, akalowesha pamba, akaanza kusugua pole pole kama anayemwosha mtoto uso.

Rangi ya Abdala ilikuwa ile ile ya vibao vya maduka. Ikatoka bila kubembelezwa.

Likatoka sikio la kwanza. Mfaume akajishika la kwake, sijui aliogopa nini. Likatoka jicho. Ikatoka nusu ya shavu. Na chini yake pakaonekana sikio jingine, dogo, limetobolewa matundu matatu, na kila tundu lina kipuli. Kisha ncha ya ushungi.

"Mwanamke!" Umi alisema kwa sauti.

Ukumbi mzima ukasimama. Mimi nilibaki nimetulia. Nilijua tangu zamani, nilikuwepo alipofunikwa. Mkubwa wa siku zile alikuwa anangoja ugeni, akaona ni fedheha mgeni akute mwanamke amekaa kitini na wanaume wanambebea mizigo. Alisema, "Mfanyeni awe mwanamume, tusichekwe." Wafungwa kamba hawakumtia aibu hata kidogo. Kilichomtia aibu ni ushungi.

Nami nilikuwa nimepiga hesabu zangu. Mwanamke hawi babu wa mtu. Babu akiondoka, ugomvi hauna pa kukaa. Ugomvi ukiondoka, Mastura anaolewa. Nilikuwa nimeshafika mpaka kwenye masufuria ya pilau.

"Mmeona?" nikawaambia. "Huyo si babu wa Mfaume wala wa mtu mwingine. Kesi imekwisha. Twendeni tukaoze watoto."

Mfaume akainuka pole pole. Safari hii hakukohoa.

"Zuhura," alisema.

Hakuniita mtani. Katika maisha yetu, mtu huyu hakuwahi kuniita kwa jina langu.

"Wewe ulijua kwamba ni mwanamke."

"Nilijua."

"Na kopo la rangi ulishika wewe."

"Nilishika mimi."

"Halafu ukaja kwenye jeneza la baba yangu ukasema ni babu yetu." Alipandisha pumzi. "Mtu hafuniki kisicho chake. Huyo ni bibi yako. Ulimsitiri bibi yako, ukatubandika sisi aibu yenu miaka arobaini."

Nikafungua mdomo nimjibu. Mzaha haukutoka. Na kadiri nilivyonyamaza, ndivyo nilivyowaona watu wanatazamana na kumwamini Mfaume.

Nilikwenda kutoa ushahidi, nikautoa. Kumbe nimejishtaki.

"Mfaume, nakuapia," nikasema mwishowe, "mimi hata simjui..."

"Mama, subiri!"

Ni Yunusu. Nikamshukuru Mungu kwamba nina mtoto wa kiume wa kunitetea.

Alisimama juu ya kiti. Kifua mbele.

"Kumbe sisi ndio wa mwavuli!" alisema.

Ningekuwa na ufagio wangu ningemrushia. Mtu aliyetaka majina yaandikwe, aliyesema damu yake imevuja, katika muda wa kusugua sikio moja alikuwa ameshahama kutoka kwenye kamba akakaa kitini. Na kiti kimemtosha kabisa.

"Nasema mbele ya wote," aliendelea, kwa sauti ya pole ya matajiri. "Mimi sina kinyongo. Yaliyopita yamepita. Binti namwozesha."

"Nani kakuomba?" Mfaume alimrukia. "Mjukuu wangu aoe kwa wauza watu? Posa naivunja! Leo! Grace, binti yangu, andika!"

Maneno yale yale aliyokataa asiitwe yeye. Hata hakuyabadilisha.

Bwana Faustino bado alikuwa juu ya ngazi na pamba mkononi. "Jamani, huu ni ugunduzi mkubwa sana," alikuwa anasema. "Mkubwa sana." Alikuwa anaiambia pamba, maana hapakuwa na mwingine wa kumsikiliza.

Watu walikuwa wanasukumana. Umi ameshika soda mbili. Nikahisi mkono unanichukulia kipaza sauti.

"Bibi, kaa," alisema Mastura. "Umesema vya kutosha."

Nikakaa. Sijawahi kuambiwa hivyo na mtu nikatii.

Aliponyanyua kipaza sauti, kelele zilipungua, si kwa heshima, kwa hamu. Grace akauliza, "Jina?"

"Mastura."

"Maoni yako? Ibaki, ifunikwe, au ihamishwe?"

"Sina shida na picha. Nina swali kwa mdau mmoja." Akageuka kwenye safu ya pili. "Ridhiwani."

Kijana akashtuka. Simu ikaingia mfukoni.

"Hao wote wa ukutani hatuwajui," alisema Mastura. "Hawatakula kwetu, hawatalala kwetu. Mimi unanijua. Miaka mitatu unanijua. Baba mdogo amesema ananiozesha, umemsikia. Babu yako amesema hataki. Yeye sitamuuliza. Nakuuliza wewe, hapa, mbele ya watu wote hawa. Unanioa, hunioi?"

Ridhiwani akasimama.

Moyoni nikasema, haya mume wangu, sema. Neno moja tu. Nitakusamehe simu na kila kitu.

Akamtazama babu yake. Mfaume alikuwa anatazama mbele, mikono miwili juu ya bakora. Akautazama ukuta, yule mwanamke wa nusu uso. Akamtazama Mastura. Midomo ilifunguka, nikaiona kwa macho yangu haya.

Kisha akakaa.

Vidole vya Grace vikabaki hewani. Alimtazama Bwana Faustino, akanitazama mimi, akamtazama Mastura.

"Dada," aliuliza kwa sauti ndogo, "hapo niandike nini?"

Mastura akaweka kipaza sauti mezani.

"Andika alichofanya," alisema. "Amekaa."